Je, kweli baharia mmoja aliweza kuvuta chelezo chenye majeruhi 15 usiku kucha?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari. Kwenye mada ya Vita vya Pili vya Dunia niliwasimulia wanafunzi habari za Charles Jackson French, baharia Mmarekani mweusi, mpishi, ambaye meli yake ilizamishwa na Wajapani mwaka 1942. Akashika kamba ya chelezo kilichojaa majeruhi 15 na kukivuta usiku kucha kwenye maji yenye papa. Mwenzangu wa fizikia alikuwa ameketi nyuma ya darasa, akacheka: eti watu 15 ni tani nzima, haiwezekani. Nilikoisoma mimi wanasema alivuta kamba kwa meno na akapewa nishani ya juu kabisa ya Marekani. Kwingine nimekuta kwamba alipewa barua tu. Nimwamini nani? Na mwili wa binadamu unaweza kweli? Halafu kuna kijana mmoja darasani, muogeleaji hodari, alisema akiona mtu anazama na yeye atafanya vivyo hivyo. Sikujua nimjibu nini."*

Mwalimu, kisa chenyewe ni cha kweli. Kilichotiwa chumvi ni yale meno na ile nishani, na yote mawili nitakuonyesha yalikotoka. Mwenzako wa fizikia naye tusimlaumu, maana kushuku ni kazi yake. Ila hesabu aliyopiga ni ya mtu anayebeba mzigo nchi kavu, na French hakubeba mtu.

Tuanze na usiku wenyewe, ule wa kuamkia Septemba 5, 1942, kwenye Visiwa vya Solomon. USS Gregory ilikuwa manowari kuukuu, iliyoshushwa majini mwaka 1918, ikageuzwa kuwa meli ya kusafirisha askari kwa haraka. Siku hiyo Gregory pamoja na mwenzake USS Little zilikuwa na kazi ya kuwapeleka askari wa Marine katika kisiwa cha Savo na kuwarudisha Guadalcanal. Usiku ulipoingia giza lilikuwa nene, hivyo zikabaki zikifanya doria baharini badala ya kujaribu kuingia bandari ya Tulagi. Karibu saa saba usiku ikaonekana mimweko ya mizinga. Manowari za Kijapani zilikuwa zimefika. Rubani mmoja wa Kimarekani aliyekuwa angani akaiona mimweko hiyo, akadhani ni nyambizi ya adui, akadondosha fataki tano za kumulika. Zikaangukia karibu kabisa na meli za wenzake, zikazianika kama mchana.

Chini ya dakika 3 Gregory ilikuwa imesimama, boila mbili zimepasuka, sitaha inawaka moto. Nahodha wake, Harry Bauer, akiwa na majeraha mabaya, akaamuru watu waiache meli. Majini alikuwa na mabaharia wawili waliokuwa wakimsaidia. Akasikia mtu mwingine anapiga yowe, akawaamuru hao wawili wamwache yeye wakamsaidie huyo. Hakuonekana tena. Namtaja kwa sababu wasimulizi wengi wa kisa hiki humruka, na mwanafunzi anabaki akidhani usiku ule kulikuwa na shujaa mmoja tu.

Meli zilipokuwa zimekwisha, Wajapani wakaanza kuwapiga makombora watu waliokuwa wakielea. Kumbuka hilo, Mwalimu, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini French hakutulia akasubiri kukuche.

Alikuwa na umri wa miaka 22, mzaliwa wa Foreman katika jimbo la Arkansas, aliyehamia Omaha. "Mpishi" ni neno la karibu lakini si kazi yake hasa. Alikuwa mhudumu wa mesi: kupakua chakula cha maafisa, kuosha vyombo, kufua, kutandika vitanda. Hakuwa ameichagua kazi hiyo kati ya nyingi. Mmarekani mweusi aliyejiunga na Jeshi la Wanamaji miaka ya 1930 aliingizwa kwenye kitengo cha wahudumu tu, na mlango wa kazi nyingine ulifunguliwa Juni 1, 1942, miezi mitatu kabla ya usiku huo. Vita ilipopamba moto, hata hivyo, mhudumu naye alikuwa na kituo chake cha mapigano, mara nyingi kupitisha risasi na makombora kwenda kwenye mizinga.

Tunayoyajua kuhusu alichofanya yametoka hasa kwa Robert Adrian, afisa kijana aliyejeruhiwa miguuni na machoni. Kwa masimulizi yake, French aliwakusanya majeruhi kwenye chelezo, kisha wakagundua kwamba mkondo unawapeleka ufukweni, upande uliokuwa mikononi mwa Wajapani. French akasema atavuta. Adrian akamwambia aache upuuzi, maji yana papa. Akajibiwa kwamba Wajapani wanamtisha kuliko papa. Akafunga kamba kiunoni, akaingia majini, na ombi lake likawa moja: waendelee tu kumwambia kama anaelekea kuzuri.

Ombi hilo ndilo linalonifanya mimi niamini kisa hiki kuliko hata barua za maadmirali. Nafundisha uokoaji majini, na jambo la kwanza analogundua mwanafunzi anapovuta kitu usiku ni kwamba haoni kitu. Kichwa kiko kwenye usawa wa maji, kila wimbi dogo ni ukuta, na mkono mmoja wenye nguvu kuliko mwingine unamzungusha bila yeye kujua. Unaweza kuogelea saa nzima ukarudi pale pale. Aliyeketi kwenye chelezo, hata kama ameinua kichwa nusu mita tu, anaona zaidi. Kwa hiyo majeruhi wale hawakuwa mzigo mtupu, walikuwa macho ya mvutaji. Mtu anayebuni hadithi ya shujaa huwa hakumbuki kumfanya shujaa aombe kuelekezwa njia.

Sasa fizikia, maana najua utamsomea mwenzako. Chelezo kinachoelea kimekwisha bebwa na maji. Uzito wa watu 15 unakizamisha zaidi kidogo, basi, na anayevuta hashindani na uzito huo. Anashindana na ukinzani wa maji, nao hutegemea kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani unapanda mara nne, na nguvu anayotoa mwili kwa kila sekunde inapanda mara nane. Rudi nyuma kwa hesabu hiyo hiyo: ukivuta polepole sana, ukinzani unakuwa mdogo mno. Aliyewahi kusimama gatini akaivuta kamba ya mashua nzito kwa mkono mmoja analijua hili. Mwanzoni haitikisiki, ukivumilia inaanza kuja. Tatizo la French halikuwa kupata nguvu ya tani moja. Lilikuwa kutoa nguvu ndogo bila kuacha, kwa sababu ukiacha, upepo unaanza kukirudisha chelezo.

Na hakuhitaji kwenda mbali. Yeye na chelezo walikuwa ndani ya mkondo mmoja, kwa hiyo hakulazimika kuushinda, alihitaji kuukata kwa pembeni. Tuseme aliongeza mita 300 tu kwa saa, mwendo ambao mtoto anayejifunza kutambaa angeuzidi. Kwa saa 6 hizo ni mita 1,800. Kwenye pwani ya vita, tofauti ya karibu kilomita 2 inaweza kuamua unaangukia mikononi mwa nani.

Kamba kiunoni nayo ilikuwa na maana. Mikono yote miwili ilibaki huru, na mvuto ulikaa karibu na katikati ya mwili, si shingoni wala begani. Faida nyingine ni kwamba hakuweza kupotezana na wenzake. Kanuni tunayofundisha mpaka leo ni kwamba meli ikizama usikiache kinachoelea, kwa kuwa muogeleaji aliye peke yake ni vigumu sana kumwona kutoka angani. French aliondoka kwenye chelezo bila kuondoka kwenye chelezo. Ila kamba iliyofungwa fundo ni hatari pia: ikijisokota, au chelezo kikivutwa ghafla na wimbi, huna pa kuchomokea. Mikanda ya waokoaji wa siku hizi ina kifyatuo cha kuifungua mara moja kwa sababu hiyo.

Kilichomsaidia sana, na hili halitajwi, ni joto. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa yenye ubaridi ule ule. Bahari ya Solomon iko karibu na ikweta, ina uvuguvugu mwaka mzima, na misuli inayofanya kazi huzalisha joto la kufidia kinachopotea. Mtu huyo huyo, na moyo huo huo, kwenye Atlantiki ya kaskazini wakati wa baridi, mikono ingekufa ganzi ndani ya dakika chache. Kusema hivi hakumpunguzii kitu. Makombora yalikuwa yakianguka majini, na mlipuko ndani ya maji huumiza mapafu na utumbo wa aliye ndani yake kwa umbali ambao hewani usingemdhuru. Alikwenda mahali pabaya zaidi kuliko pale alipokuwa, na akijua.

Papa? Bahari ile inao, na Adrian alisema waliwazunguka. Ila ukiwasimulia wanafunzi usiwafanye papa kuwa kiini cha kisa. Hatari kubwa zaidi ya usiku ule ilikuwa na mizinga.

Kuhusu muda, hapa nakuomba uwe mwangalifu. Masimulizi ya Adrian yanatoa saa 6 hadi 8, mpaka kulipokucha, ndege ikawaona na boti ya kuteremshia askari ikaja kuwachukua. Barua ya pongezi aliyoandikiwa French na Admirali William Halsey, Mei 1943, inasema aliogelea zaidi ya saa 2 bila kupumzika, akijaribu kukivuta chelezo chenye watu wapatao 15 kilichokuwa kikipigwa makombora kwa makusudi. Zaidi ya saa 2 na saa 6 hadi 8 hazipingani moja kwa moja. Karani wa ofisi huandika kile ambacho hakuna atakayekibisha. Majeruhi aliyelala gizani na damu machoni hupima usiku kwa namna nyingine. Mimi ningewaambia wanafunzi hesabu zote mbili na chanzo cha kila moja. Hilo ni somo la historia kuliko kuchagua moja na kuitetea.

Sasa meno. Hayo ni ya John F. Kennedy, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Agosti 2, 1943, kwenye visiwa hivyo hivyo vya Solomon, boti yake PT-109 ilikatwa vipande viwili na manowari ya Kijapani. Kennedy aliuma mkanda wa jaketi la kujiokolea la baharia aliyeungua vibaya, akaogelea naye zaidi ya kilomita 5 hadi kisiwani. Miaka miwili inayofuatana, bahari moja, mabaharia wawili wanaovuta majeruhi kwa kamba na mkanda: si ajabu masimulizi yameingiliana mitandaoni.

Lakini yatenganishe, kwa sababu ukiyaweka kando kwa kando utapata jibu la swali lako la nishani. Kennedy alipewa Navy and Marine Corps Medal mwaka 1944. Ni nishani ya ushujaa wa kuokoa maisha nje ya mapigano ya ana kwa ana na adui, na ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya Bunge la Marekani Agosti 7, 1942. Maana yake French alipofunga ile kamba, nishani hiyo tayari ilikuwepo kwa takriban wiki nne. Alichopata wakati wa uhai wake ni ile barua ya Halsey. Kennedy alistahili yake, sina ugomvi na hilo. Ila mmoja alikuwa luteni mzungu, mtoto wa aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Uingereza, na mwingine alikuwa mhudumu mweusi ambaye mwanzoni hata magazeti na redio zilimjua kwa jina la French tu. Watoto wa Marekani walimkuta kwenye kadi za picha zilizouzwa pamoja na bablishi kabla jeshi lake halijaamua limpe nini.

Usinielewe kwamba kila mweusi alinyimwa kila kitu. Doris Miller, naye mhudumu wa mesi, aliwasaidia majeruhi na kushika mzinga wa kutungulia ndege kwenye USS West Virginia Wajapani waliposhambulia bandari ya kivita ya Pearl Harbor, Desemba 7, 1941. Mei 27, 1942 Admirali Chester Nimitz alimvalisha Navy Cross, ambayo ni ya juu kuliko nishani ya Kennedy. Hiyo ilikuja baada ya magazeti ya Wamarekani weusi kupiga kelele sana ili jina lake litajwe. Pengine ile habari yako ya nishani kubwa ilichanganya French na Miller. Ya juu kabisa, Medal of Honor, haikuvaliwa na Mmarekani mweusi hata mmoja wa vita ile mpaka Januari 1997, walipopewa askari 7 baada ya uchunguzi rasmi, na wote walikuwa wa jeshi la nchi kavu. Sita kati yao walikuwa wamekwisha kufa.

French alifariki Novemba 7, 1956 huko San Diego, akiwa na miaka 37, akazikwa makaburi ya Fort Rosecrans. Navy and Marine Corps Medal yake ilitolewa Mei 21, 2022, kwenye hafla iliyofanyika San Diego, siku hiyo hiyo bwawa la kuwafundishia waogeleaji waokoaji likapewa jina lake. Januari 2024 Waziri wa Jeshi la Wanamaji alitangaza kwamba manowari mpya itaitwa USS Charles J. French. Kwa hiyo jibu la kumpa mwenzako ni hili: barua mwaka 1943, nishani mwaka 2022, na Medal of Honor hakuwahi kupewa.

Utakutana pia na simulizi kwamba baada ya kuokolewa, mabaharia wazungu wa Gregory, wakiwa bado wamechafuka mafuta, waligoma kumwachia French atengwe kwenye mabweni ya weusi, wakasema analala nasi. Imetoka kwa mkongwe mwenzake aliyesema alisikia kwa French mwenyewe. Naiona ya kuaminika, lakini ni ya mdomo, na ukiisimulia iseme hivyo.

Nimekuwekea mwisho swali la yule kijana, na ndilo ambalo ningependa ulijibu kabla ya mengine yote. Mwambie French hakumwokoa mtu anayezama. Watu wake walikuwa wanaelea, wametulia, wanamsikiliza. Anayezama ni mtu mwingine kabisa. Mara nyingi hapigi kelele kwa sababu pumzi yote inatafuta hewa, anakaa wima, mikono inayasukuma maji chini, na anaweza kutoweka kabla dakika moja haijaisha. Ukimfikia ukiwa mikono mitupu atakupanda, si kwa ubaya, kwa kuwa wewe ndiye kitu cha kwanza kigumu alichokigusa. Waogeleaji hodari hufa hivyo, tena wengi wao ni ndugu na marafiki wa aliyekuwa anazama.

Akiona mtu anazama, apige kelele watu waje, na mmoja apige simu ya dharura. Akae penye ardhi imara, alale kifudifudi ikibidi, amnyooshee mti, kasia, nguo ndefu. Kama ni mbali, amrushie chochote kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko, na kamba kama ipo. Kuingia majini ni kwa aliyefundishwa, na aingie na kitu kinachoelea mkononi ili mzamaji ashike hicho badala ya shingo yake. Hili halijifunzwi kwa kusoma jibu langu. Kama kijana ana nia, mtafutieni mkufunzi wa uokoaji mwenye cheti, afanye mazoezi bwawani ya kukabwa na kujinasua mpaka mwili wenyewe uzoee. Kuogelea kwa kasi ni sehemu ndogo sana ya mafunzo hayo.

Na mtu akitolewa majini hapumui, aanze kupuliziwa pumzi na kubonyezwa kifua hapo hapo na anayejua, msaada ukiwa njiani. Akiwa amezinduka mwenyewe lakini alimeza au kuvuta maji, anakohoa, anahema kwa shida au amelegea kwa usingizi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisisitiza kwamba yuko sawa, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kumsumbua saa kadhaa baadaye.